Matunda ya Kanyange

Kanyange anauza nyanya kwa jumla pale soko la Nyabugogo, na mimi nauza vitunguu meza inayofuata, kwa hiyo hasira zake nazijua vizuri. Kazi yake ni kuchambua: za kuuzwa leo, za kesho, na mbichi za keshokutwa. Nyanya moja iliyoiva ikijificha kwenye kreti la mbichi, kreti zima linaoza. Ndiyo maana anagombeza wapagazi tangu asubuhi, na wateja wanaobinyabinya nao hawasalimiki.

Saa saba mchana huketi juu ya kreti tupu, hutoa simu na kucheza ule mchezo wa kupanga matunda matatu yanayofanana ili yapotee.

Jana nilishindwa kunyamaza. "Kanyange wee, kutwa unachambua, na mapumziko yako ni kuchambua tena?"

Macho yake yalibaki kwenye simu, maana alikuwa amebakiza hatua moja ashinde. Akakosea. Machungwa yakajaa kioo kizima, mchezo ukaisha. Nikasogea pembeni nikisubiri matusi. Asubuhi ile ile, kwa sababu ya kreti moja lililooza, alikuwa amewatimua wapagazi watatu.

Lakini yeye akagusa kitufe cha kuanza upya. Matunda yakashuka mapya, yanang'aa, kana kwamba hakuna aliyewahi kukosea. Mabega yake yakalegea, akashusha pumzi ndefu.

"Umeona, dada?" akasema. "Nimeharibu yote, na hakuna hata moja la kutupa."