Hewa Safi Sebuleni kwa Kreszenz

Gebhard Fink alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Ilikuwa pampu ya joto, mashine inayochota joto kwenye hewa ya nje, hata theluji ikiwa magotini, na kuliingiza ndani. Pampu za viwandani alizidharau. Kwa nyumba za siku hizi za bonde letu, zenye kuta nene na madirisha ya vioo vitatu, zilikuwa kubwa mno: zinawaka, zinazima, zinawaka tena, mpaka zinajimaliza zenyewe. "Ni kumpikia mtu mmoja kwa sufuria ya harusi," alikuwa akisema. Akajichimbia karakanani miaka sita akiunda ndogo.

Ilipokamilika, ilitaka nyumba ya kujaribiwa msimu mzima wa baridi. Sasa nani akubali nyumba yake ichokonolewe? Mama yake, nani tena! Kreszenz alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, na sebuleni mwake lilisimama jiko kubwa la vigae vya kijani, limezungukwa na benchi la kuotea moto.

Nami niseme ukweli kuhusu sisi watu wa bondeni: hatujui kwenda kwa jirani hivi hivi. Mtu atakufa na upweke wake kabla hajakiri kwamba anao. Lazima awe na kisingizio, na kwa Kreszenz kisingizio kilikuwa lile benchi. Kila Alhamisi saa nane mchana mlango ulibishwa.

"Sikai," angesema Pius, mzee aliyetengeneza jibini maisha yake yote. "Napasha mgongo kidogo tu."

"Hukai, na makalio yako yameshachimba benchi langu!"

"Mwache mwenzio, Kreszenz," Filomena wa nyumba ya tatu angedakia. "Hana mke wa kumpashia."

Klothilde, jirani mwingine, angecheka mpaka akohoe, kisha karata zingegawiwa, na hakuna aliyenyanyuka mpaka saa kumi na nusu. Gebhard alikulia katikati ya kelele hizo. Alizijua kama anavyojua jina lake.

Lakini bomba la moshi la lile jiko lilivujisha hewa, na nyumba inayovuja ingeharibu vipimo vyote.

"Mama, jiko litaondoka," alimwambia. "Joto litakuwa kila mahali."

"Kila mahali?"

"Mpaka chooni!"

Kreszenz alipitisha kiganja juu ya vigae. "Haya, mwanangu. Kama kazi yako inataka hivyo." Yule bwana akasikia ile "haya", basi, ikamtosha.

Jiko likabomolewa na benchi lake. Kuta zikajazwa nyuzi za mbao za kuzuia joto lisitoke, na mashine ikawekwa kwenye stoo. Na kwa kuwa kila mlango ukifunguliwa joto hutoroka, Gebhard akabandika karatasi mlangoni: TAFADHALI MSIFUNGUE OVYO, KIPIMO KINAENDELEA. Aliibandika kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mashine ilifanya kazi, tena vizuri. Kila Jumapili alipiga simu.

"Unasikia baridi, Mama?"

"Hata kidogo."

"Umeona!"

Msimu uliotangulia, jiko likiwa bado lipo, alikuwa ametundika vipima hewa sebuleni ili apate cha kulinganisha. Mbele ya wahandisi wenzake kule mjini Dornbirn alitangaza kwa majivuno kwamba hewa ya sebule ile sasa ni safi kuliko zamani. Wakampigia makofi.

Vuli iliyofuata, Kreszenz alifunga begi moja akahamia nyumba ya wazee karibu na kanisa, kwa miguu yake mwenyewe. Gebhard alichukia. Nyumba ina joto, ina hewa, anataka nini tena? Alimtembelea mara mbili tu kipindi chote cha baridi, na mara zote mbili alinuna.

Mwezi wa Mei, akiandaa michoro ya kumwonyesha mteja, aliiweka misimu miwili ubavu kwa ubavu. Msimu wa jiko, kila Alhamisi saa nane, mstari wa pumzi za watu, ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua, ulipanda juu, ukabaki huko, ukashuka saa kumi na nusu. Msimu wa pampu, mstari ulilala chali. Pumzi za mtu mmoja. Jumatatu mmoja, Alhamisi mmoja, wiki ya Krismasi mmoja. Loh! Hicho ndicho alichokiita hewa safi, na watu wakampigia makofi. Aliona haya.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee. Kreszenz alikuwa ukumbini, anamenya tufaha.

"Mama, waliacha kuja. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Kila Jumapili ukiniuliza kama nasikia baridi, nami nilikujibu kweli. Sikuisikia."

"Wangekuja tu! Si wanakujua?"

"Waje wakisema wamefuata nini?" Alimtazama kama anayemtazama mgeni. "Na ile karatasi yako? Pius alifika mlangoni, akaisoma, akageuka. Nilimwona dirishani. Nikaona aibu kumwita."

Gebhard alimshika mkono. "Nitalijenga upya, Mama. Vigae vya kijani vile vile, na benchi. Mwezi wa tisa utakuwa nyumbani. Pampu nitaing'oa, sijali."

Kreszenz alicheka kidogo, bila ubaya.

"Pius tumemzika wakati wa Kwaresima. Filomena kachukuliwa na binti yake, yuko mbali huko Linz, na Klothilde hata mimi ananisahau jina. Utanijengea jiko, sawa. Na watu utanijengea?"

Gebhard alivuta kiti. Alikaa pale pale, na mama yake akamkatia kipande cha tufaha, akaendelea kumenya.