Mguu Wangu Kwenye Pedali ya Baba

Kazi ya kutoa upepo kwenye breki inahitaji watu wawili. Mmoja analala chini ya gari na spana, mwingine anakaa nyuma ya usukani na kukanyaga. Wa chini huitwa fundi. Wa juu haitwi chochote. Mimi nilikuwa wa juu, na nitaeleza mguu wangu ulihisi nini, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Tena, ghorofa ya nne. Baba alikuwa amestaafu baada ya kuendesha malori ya serikali karibu maisha yake yote, na mali yake ya maana ilikuwa pikapu moja kuukuu yenye breki za dramu magurudumu yote manne. Ukitaka kuisimamisha, ulipampu pedali mara mbili au tatu, tena mapema. Madereva wa rika lake waliendesha hivyo na hawakuona ajabu. Baba alikuwa akipampu hata akiwa kitini sebuleni, mguu wa kulia ukigongagonga sakafu wakati wa taarifa ya habari.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameachishwa kazi mwaka ule, wakati wa kupunguza wafanyakazi, na alishinda nyumbani akitafuta kitu cha kurekebisha. Akaamua kuifungia pikapu breki za diski magurudumu ya mbele, alizozitoa kwenye gari jingine lililokufa. Sikupinga. Diski ni bora, hata mimi nilijua. Nilikuwa karani, lakini leseni nilikuwa nayo, na mimi ndiye niliyempeleka Baba kliniki kila mwezi kwa pikapu hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi kaka aliniita nishuke. Alikuwa amelala ubavu kwenye gunia, paipu nyembamba ikitoka kwenye breki hadi kwenye chupa ya jamu. Baba alikuwa ameketi kwenye stuli ukutani, akituangalia.

"Kanyaga!" kaka akapaza sauti. Nikakanyaga. "Shikilia!" Nikashikilia, naye akafungua, mafuta yakaruka chupani. Akafunga. "Achilia."

Tulifanya hivyo gurudumu hadi gurudumu mpaka chupani hakukuwa na povu tena. Akaniambia nijaribu. Nilipokanyaga mara ya kwanza pedali ilizama karibu ifike sakafuni. Mara ya pili iliishia katikati. Mara ya tatu ikasimama.

"Bado kuna upepo," nikasema. "Inazama."

"Pampu."

Nikapampu, ikasimama.

"Si unaona? Iko poa."

"Ya kwanza inazama, kaka. Mpaka ya tatu ndiyo inashika. Hizi si zile za zamani."

"Hiyo ni mguu yako haina nguvu, sis. Umezoea kukalia kiti ya ofisi."

Majirani waliokuwa wakianika nguo kwenye roshani wakacheka. Nilishuka, nikainama kutazama. Ile skrubu wanayoiita nipo, ambayo ukiilegeza mafuta na upepo hutokea hapo, ilikuwa imeelekea chini. Mimi niliishi ghorofa ya nne. Maji yaliporudi baada ya mgao, bomba letu ndilo lililokohoa upepo, huku wapangaji wa chini wakijaza madebe.

"Upepo hukaa juu," nikamwambia. "Hii nipo si ingeangalia juu?"

"Mafuta ya breki si maji ya mfereji. Nimefunga hivi ndio paipu ya mpira ifike vizuri. Wewe kazi yako ni kukanyaga tu."

Nikamgeukia Baba. Nilichotaka ni kidogo sana: mtu aliyeendesha malori miaka yote ile ainuke, aweke mguu wake pale mara moja, aseme nani kati yetu anasema kweli. Hakuinuka.

"Mwache ndugu yako afanye kazi, mwaitu," akasema. Aliniita hivyo, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Jumapili nilikataa kupanda. Nilisema ningeenda kanisani kwa miguu, na kaka akasema nina kiburi. Wakaondoka wawili, Baba na koti lake la kanisani, na mimi nikafuata kwa hasira na viatu vilivyonibana.

Niliwakuta kwenye mteremko wa mtoni. Mkokoteni wa viazi ulikuwa umekatiza barabara, kaka akakanyaga mara moja, na hakukuwa na nafasi ya mara ya pili. Akaukwepa mkokoteni, akagonga nguzo ya stima. Yeye alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Baba alivunjika paja, na sauti aliyoitoa walipomnyanyua sikuwahi kuisikia kwake.

Kufika jioni hadithi ilikuwa tayari. Dada hakukanyaga vizuri, upepo ukabaki. Kaka aliisema wodini mbele ya ukoo mzima, bila hata kunikwepa macho. Shangazi akanivuta pembeni, akaniambia nimwombe Baba msamaha. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaomba. Baba akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe. Najichukia kwa magoti yale hadi leo.

Kaka hakutaka tena kuiona pikapu. Bodi yake ilipokwisha kunyooshwa, mimi ndiye niliyeipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ziwani, mzee asiyependa maneno, ili aiangalie breki. Alitoa magurudumu ya mbele, akatazama, akasonya.

"Nani alifunga hizi? Ya kushoto iko kulia, ya kulia iko kushoto. Nipo zote zinaangalia chini. Upepo itatokea wapi? Hata ukanyage mpaka Krismasi."

Akazibadilisha, akaongeza mipira mirefu, akaniambia nikae kwenye usukani. Kanyaga, shikilia, achilia. Kisha nikakanyaga mara moja tu, na pedali ikasimama juu, ngumu. Nililia pale pale, na machozi yale hayakuwa ya furaha kabisa. Nilikuwa na hasira ya kung'oa usukani.

Niliendesha moja kwa moja hadi nyumbani. Baba alikuwa sebuleni peke yake, magongo yameegemea ukuta. Nikamweleza yote, kushoto na kulia, nipo na upepo. Alisikiliza huku mguu wake mzima ukigongagonga sakafu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Jumapili ile nilishuka mapema kabla yenu. Nikaikanyaga. Ilizama kama ulivyosema."

"Na ukapanda?"

"Nilidhani atapampu. Sisi tumeendesha hivyo miaka yote. Ndugu yako alikuwa amepoteza kazi, mwaitu. Ningemwambia na hii pia imemshinda?"

"Na mimi je, Baba? Niliyepiga magoti?"

Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza kuliko yote. "Wewe una nguvu," akasema. "Usimwambie."

Alitembea kwa mkongojo mpaka tukamzika. Siku ya mazishi kaka alisimama kutoa kumbukumbu, akasimulia ile ajali, na alipofika kwenye mguu wa dada yake usio na nguvu waombolezaji wakacheka, kicheko kile cha kupunguza majonzi. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Shahidi ambaye wangemwamini alikuwa mmoja tu, na alikuwa ndani ya lile jeneza.