Majibu Niliyomnong'oneza Mume Wangu Uwanjani

Admin, nifiche jina langu tafadhali. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mtu wa Mombasa, tunaishi Barking, huku ughaibuni, na binti yetu wa miaka mitatu. Shule niliachia darasa la nane, nikikosea mnisamehe.

Mume wangu alikuwa mchezaji wa raga, ile ya watu kumi na watatu. Mechi yake ya mwisho nilikuwa na mimba ya miezi saba. Aligongwa kichwa, akaanguka. Nikaruka kamba nikaenda kumshika mkono. Daktari akamuuliza, "Tuko uwanja gani? Nani amefunga mwisho?" Ukikosa, unatolewa. Nikaona macho yake hayana mtu. Na siku hiyo timu kubwa ilikuja kumwangalia yeye. Nikainua mikono kama naomba dua, nikasema kwa Kiswahili, "Sema Ilford. Tumefunga sisi." Akajibu kwa Kiingereza sawasawa. Daktari akanipigapiga bega, eti dua yangu imejibiwa. Haikupita muda akagongwa tena. Hakucheza tena maishani.

Sasa ni kocha, na ukocha ndio uliomrudishia uhai. Ila anasahau. Anajimiminia chai, kisha anauliza hii ya nani. Juzi binti yetu kamwamkia, "Shikamoo baba," naye akajibu, "Shikamoo." Mtoto alicheka. Mimi nilijifungia bafuni.

Jumamosi iliyopita mchezaji wake Ouma, mtu wa Kisumu, baba wa watoto wawili, aligongwa kichwa. Kabla daktari hajafika, nikamsikia mume wangu akimwambia, "Ouma, sema Barking, kipindi cha pili."

"Kocha, naona watu wawili wawili."

"Basi mjibu yule wa kulia!"

Wenzake wakacheka. Daktari alipomuuliza, Ouma akajibu hivyo hivyo, akarudi kucheza. Alhamdulillahi hakuumia zaidi.

Nyumbani nikamwambia, "Baba Zuhura, utamuua mtu." Akatabasamu kwa mapenzi kabisa. "Mama Zuhura, si wewe ulinifundisha?"

Mambo yote anasahau, hilo halisahau.

Naamini bado atatibika, sijakata tamaa. Lakini nikiiambia klabu watamwondoa, na ukocha ndio unaomtoa kitandani. Nikinyamaza, nitamwangaliaje mke wa Ouma? Hukaa nami pembeni ya uwanja akinibebea mtoto, ananiita dada. Jumamosi wanacheza tena. Ndugu zangu, ningekuwa dada yenu wa tumbo moja mngeniambia nifanye nini, na nianze kumwambia nani?