Mzee Ambaye Kamera Mpya Haikumwona

Shilingi elfu hamsini na tano, mia saba na hamsini. Hiyo ndiyo jumla ya mambo yote, nauli ikiwa ndani, na nimeihesabu mara mbili kama ninavyohesabu kila kitu, hata sadaka. Nilikuwa nimepanga kutumia elfu arobaini na mia tatu, basi. Tofauti ya hapo katikati ndiyo kisa chenyewe. Na kabla hujasema natunga, jiulize: mtu aliyezoea kupunguziwa bei hata ya sukuma wiki anaweza kutupa elfu kumi na tano na zaidi kwa sababu ya hadithi tu? Haya. Kaa vizuri nikuambie.

Niko na kibanda cha picha hapa Kitengela. Napiga za pasipoti, za harusi, za ruracio (ile sherehe yetu ya mahari), za mazishi. Kamera yangu nilikuwa nayo miaka kumi na moja. Ngozi ya pembeni ilibanduka nikaibandika na mpira wa tyubu ya baiskeli. Imezunguka makaburi mengi kuliko mchungaji wetu. Lakini ilianza kuniaibisha. Bibi arusi mmoja aliiangalia, akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, hiyo ni ya mwaka gani?" Jioni hiyo nikaanza kutafuta kamera ya DSLR ya karibuni karibuni.

Nikampata Dennis, kijana mpiga picha wa Kajiado mjini. Yeye alikuwa anahamia zile za kisasa zaidi zisizo na kioo ndani, kwa hivyo ile yake, ya miaka minne tu, ilikuwa inatafuta nyumba. Alianza na elfu sitini na mbili. Nikamshusha kwa simu mpaka hamsini na tano. Nikakata simu ili aogope. Akapiga. Tukakubaliana achukue yangu ya zamani kwa kumi na tano, mimi niongeze arobaini taslimu. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya kwenda nilibeba kamera yangu na pesa, nimezigawa mahali patatu ambapo sitapataja. Nikamwambia Dennis silipi kabla ya kujaribu. Kamera si nyanya, huwezi kuifinya ukajua. Akakubali nizunguke nayo saa moja, mradi nimwachie kitambulisho changu, naye akakaa kwenye kibanda cha chai mahali anapoweza kuniona. Akili yake niliipenda. Ni vile ningefanya mimi.

Nikaenda ukingoni mwa soko la mifugo, kwa sababu nilitaka kuona kama inashika vizuri kitu kinachotembea. Soko lilikuwa limemalizika. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu jioni, vumbi limetulia, jua limeinama, ule mwanga ambao sisi wapiga picha tungeulipia kama ungekuwa unauzwa. Nikapiga mbuzi wawili. Safi. Nikapiga lori. Safi. Nikageuka, na hapo alikuwa amesimama mzee mmoja wa Kimaasai na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye tumbo jeupe. Pembe moja ya ng'ombe ilikuwa imeinamia jicho. Mzee alikuwa amevaa koti zito juu ya shuka, kofia ya sufu, na fimbo chini ya kwapa.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Mimi ni wa Murang'a, lakini miaka kumi na nne Kitengela si bure.

"Hiyo kitu inapiga ama unatembeza tu?"

"Inapiga, Mzee. Ikinifurahisha nainunua."

"Basi nipige na ng'ombe yangu. Ni ngapi?"

"Kubwa, na fremu ya mbao? Mia nane."

Akamgeukia ng'ombe kama anayemwomba awe shahidi. "Mia nane! Na hii ng'ombe utanunua na ngapi?"

"Haya, mia saba, kwa sababu wewe ni mzee."

"Mia mbili, kwa sababu wewe ni mgeni."

"Mzee, fremu peke yake ni mia mbili na hamsini."

"Kumbe mbao ni bei kuliko uso yangu?"

Niamini, nilikuwa nafurahi. Kuna watu unapatana nao bei ukitaka iishe haraka, na kuna watu unatamani wakatae tena. Yule mzee aliondoka mara mbili. Mimi pia niliondoka mara moja. Mwishowe tukashikana kwa mia tano. Nikaandika risiti, maana mimi bila risiti silali: jina, Mzee Parmuat, picha moja na ng'ombe, amelipa mia mbili, bado mia tatu. Ile mia mbili ilikuwa noti ya zamani, laini kama kitambaa, inanuka ugoro. Nikaiangalia kwa jua, nikaigeuza, nikaiangalia tena. Ilikuwa halali kabisa.

"Picha mpelekee Mama Naserian," akasema. "Ni bibi yangu. Anauza maziwa hapo stegi ya matatu. Lakini usimwambie alipe. Mia tatu nitakuletea mwenyewe."

"Utanipata wapi?"

"Wewe? Mtu wa kelele hivi hapotei."

Akachukua risiti, akaisoma juu chini, akaikunja na kuichomeka kwenye ukanda wa kengele ya ng'ombe. "Huyu ndiye anakumbuka mahali pa vitu," akasema.

Nikamuuliza picha ni ya nini, kwa sababu wazee wa rika lake wengi hawapendi kupigwa. Akatikisa kichwa. "Ile mama iko nayo ni ya kipande, ile ya kitambulisho. Niko kama mwizi ya mbuzi. Na hiyo ndiyo walitumia. Sasa mama anaiangalia kila asubuhi. Ataanza kuamini niliiba."

Walitumia wapi? Swali zuri. Wewe ungeuliza. Mimi nilikuwa nahesabu faida yangu: mia moja na hamsini, nikitoa fremu na karatasi.

Basi akasimama, mkono kwenye nundu ya ng'ombe, akacheka kwa pengo lake la meno ya chini. Nikapiga mara tatu. Nikaangalia kioo cha nyuma.

Ng'ombe peke yake.

Nikadhani nimekata vibaya. Nikapiga tena. Ng'ombe yuko, kila unywele umeshikwa, na kando yake nafasi tupu ya upana wa mtu, nyasi na vumbi. Macho yangu yanamwona mzee, kioo hakimwoni. Sasa, mpiga picha hamwambii mteja kwamba mtambo umekataa. Nikasema ule uongo wetu wa siku zote: "Hapo hapo, Mzee, usitingishike, mwanga umebadilika." Nikafungua begi, nikatoa ile kamera yangu kongwe ya mpira wa tyubu. Nikapiga moja.

Akatokea. Mzima, kutoka kofia mpaka akala za tairi. Picha nzuri ajabu, nasema bila kujisifu. Nilipoinua macho kumwonyesha, alikuwa ameshaanza kwenda na ng'ombe wake, bila haraka, kama mtu aliyemaliza shughuli zake mjini.

Unadhani niliogopa? Hapana. Niliona nafasi ya kupunguziwa bei. Nikaenda kwa Dennis mbio.

"Kijana, kamera yako inaruka watu. Hii haiwezi kuwa hamsini na tano."

Akanipiga picha moja hapo hapo. Nilikuwa ndani, nimenuna. Akapiga muuza chai. Naye alikuwa ndani.

"Imeruka nani, Mama?"

"Yule mzee niliyekuwa naongea naye."

Dennis akaweka kikombe chini polepole. "Mama, mimi nimekuangalia saa yote. Nilidhani unapatana bei na ng'ombe."

Nikamwonyesha picha kwenye kamera yangu. Akaitazama muda mrefu. Akatoa kadi ya memori, akaiweka kwenye ile yake mpya, akafungua picha ile ile. Ng'ombe peke yake. Akairudisha kwangu. Mzee huyu hapa, anacheka. Tukarudia mara nne, na ya tano muuza chai alipoanza kuomba kwa sauti tukaacha.

Hapo ndipo baridi iliniingia. Lakini pamoja na baridi nilielewa kitu kimoja cha biashara: nimechukua pesa ya mtu, na picha yake inaishi kwenye kamera hii peke yake. Nikiiacha Kajiado leo, nimemwibia. Na mia mbili yake ilikuwa mfukoni mwangu, inanuka ugoro.

"Ya zamani siachi," nikamwambia Dennis.

"Basi ni hamsini na tano kamili, Mama. Na kusema ukweli, hata ungenipa hiyo bure singeichukua."

Nilikopa kumi na tano kutoka chama kwa simu. Riba hakuna, kwa sababu mweka hazina ni mimi. Kwa nini nilinunua hata hivyo? Kwa sababu walio hai pia wanataka picha, na ndio wengi wanaolipa.

Nyumbani niliiunganisha kamera ya zamani na printa kwa waya, bila kupitia kompyuta, nikishika roho mkononi. Mzee alitoka kwenye karatasi mstari kwa mstari: kofia kwanza, kisha macho, kisha kicheko. Nikamtia kwenye fremu.

Siku tatu baadaye nikarudi Kajiado. Pale stegi akina mama wa maziwa walikuwa wamekaa na mitungi yao, kama sita hivi. Nikafanya kosa ambalo hakuna Mmaasai angelifanya. Nikasimama katikati yao nikaita kwa sauti ya soko: "Namtafuta bibi ya Mzee Parmuat! Parmuat! Niko na picha yake!"

Mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine akanishika mkono, akanivuta kando kama mtoto aliyetukana kanisani.

"Mama, nyamaza. Hilo jina haliitwi."

"Kwa nini? Yeye mwenyewe aliniandikisha."

"Amelala miezi saba sasa. Kwetu mtu akienda, jina lake tunaliacha lipumzike."

Nikajikalia juu ya mtungi wa maziwa wa mtu. Mama mwembamba aliyekuwa mwisho wa mstari akainuka, akifuta mikono kwa leso. Hakukasirika. Akatoa kutoka kifuani kijipochi cha shanga, na ndani ya kijipochi karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla haijafunguka. Ulikuwa mwandiko wangu.

"Ng'ombe yetu alipotea mchana mzima," akasema Mama Naserian. "Akarudi peke yake usiku ukiingia, na hii kwa kengele. Mimi sijui kusoma. Sikutaka kumpa mtu anisomee."

Nikamsomea. Picha moja na ng'ombe. Amelipa mia mbili, bado mia tatu. Nilipofika hapo akafunika mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mia tatu bado! Ni yeye. Huyo mzee hajawahi kumaliza deni hata moja."

Nikamfungulia gazeti nililofungia picha. Akaishika fremu kwa mikono miwili. Akamgusa kofia, pengo, mkono ulio juu ya nundu. Akaniambia kwamba siku ya kuzika walikuza ile picha ya kipande, ikabebwa mbele ya jeneza, na tangu hapo alikuwa ameanza kuisahau sura ya kweli. Kila akifunga macho, anamwona mwizi wa mbuzi.

"Sasa nimempata," akasema.

Mimi nikajikuta nasema maneno ambayo sijawahi kuyasema nikiwa na akili timamu. "Mama, ile mia tatu wacha. Nimesamehe."

Akanishika kifundo cha mkono, na mtu aliyekamua ng'ombe miaka arobaini anajua kushika. "Hapana! Usisamehe. Na mimi sitalipa. Si alisema ataleta mwenyewe?"

"Alisema."

"Basi akae na deni. Mtu ako na deni hurudi."

Tangu siku hiyo, kamera mpya inafanya kazi zake, na maharusi wanaisifu. Ile ya zamani iko kwenye msumari kibandani, na kila Jumamosi naijaza betri. Nikipita Kajiado nanunua maziwa kwa Mama Naserian, bei kamili, hapunguzi hata shilingi, na kila mara ananiuliza, "Amelipa?" Nami najibu, "Bado." Anacheka, ananipimia, anaongeza kidogo juu.

Kwa hivyo wewe unayetaka kubadilisha kamera, nakuonya. Kabla hujaiachia ya zamani, hakikisha haina mtu ndani anayesubiri kupelekwa nyumbani. Na ukifika Kajiado, jina nililoandika hapa usiliite kwa sauti. Mimi nimeliandika kwa sababu ndilo liko kwenye risiti, na risiti haisemi uongo.

Lakini kama jioni moja, karibu na soko la mifugo, utamwona mzee mwenye koti zito na ng'ombe mwekundu wa pembe moja iliyoinama, usikimbie. Msalimie vizuri. Mwambie yule mama wa kelele wa Kitengela bado anadai mia tatu. Na asitume na mtu. Nataka aje mwenyewe, tuanze tena kutoka mia nane.