Ada za Nyumba ya Masaka

Nyumba ya Masaka niliinunulia Bukoba, na kwa sababu hiyo nililipa mawakili wawili badala ya mmoja.

Nyumba yenyewe niliijua hadi nyufa zake, maana nilikuwa mpangaji ndani yake kwa miaka sita, nikishona nguo za watu katika chumba cha mbele. Mwenye nyumba alikuwa Mhaya mwenzangu, fundi viatu aliyezeekea Uganda, kisha akarudi kwao Buhembe akale ndizi zake kwa amani. Aliniletea salamu kwamba anauza na kwamba ananitanguliza mimi kabla ya mtu mwingine. Bei tulipatana kwa barua. Nikadhani shughuli imekwisha, nikapanda basi kwenda Bukoba, fedha nimezishonea ndani ya gauni.

Wakati ule nilikuwa nimeachika, sina mtoto. Kwetu Muleba kibanja cha baba, shamba lake la migomba, kilikwenda kwa kaka yangu, kama ilivyo desturi, na mama akabaki humo akila kwa hisani ya mke wa kaka, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alijua kuhesabu kuni. Mimi nilitaka mlango mmoja tu duniani ambao hakuna mtu angeweza kunionyesha na kuniambia nitoke. Kwa mwanamke wa kwetu, mlango wa namna hiyo ulipatikana kwa kununua.

Wakili alikaa chumba cha ndani na sikumwona sana. Aliyenipokea ni karani wake, Mhaya wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisomea ada zangu taratibu, kama katekista asomaye amri. Kuna ya kuandika hati. Kuna ya wakili kushuhudia sahihi. Kuna stempu ya serikali. Kuna ya kupekua daftari la ardhi kule Masaka, kuona kama fundi viatu hajaiweka nyumba rehani. Kisha kuna ya wakili wa Masaka, ambaye ndiye angeingiza jina langu kwenye daftari hilo, kwa kuwa nyumba iko nchi ya kigeni.

Nilimwambia sijasikia ugeni wa namna hiyo. Shilingi ya Uganda na ya Tanganyika ni ile ile, hata stempu ya barua ni ile ile, na bwana mkubwa wa pande zote mbili ni Mwingereza. Karani hakukasirika. "Waitu," alisema kwa ile heshima ya Kihaya, "Mwingereza ni mmoja, ila vitabu vyake ni viwili. Na kila kitabu kina mtu wa kukifungua."

Kusema kweli nilimwona mwizi. Nilitoka pale nikiwa na bei kamili ya nyumba na nusu tu ya ada, nikaenda Muleba kufikiri.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye mazoea ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo. Alisafisha koo akasema kahawa mwaka ule ilikuwa imempa kidogo, hivyo nyumba ninunue mimi, na hizo ada za karatasi atalipa yeye.

Mtu asiye wa kwetu angesema nilikuwa na kaka mwema. Lakini sisi tuna desturi yetu. Kibanja kikiuzwa, mnunuzi huleta mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mashahidi wakanywa, na tangu siku hiyo wao ndio hati. Kukitokea ugomvi, barazani huulizwa jambo moja: mlikunywa pombe ya nani? Hata sisi Walutheri, tuliokuwa tukisema hatunywi, ile ya ushahidi hatukuihesabu kuwa ni kunywa.

Na mama yangu alikuwa ameliwa na desturi hiyo. Baba alipofariki, mama alijinunulia kipande cha shamba la kahawa kwa fedha za mbuzi wake mwenyewe. Kwa kuwa mama ni mwanamke, baba yetu mdogo akasema kwa upole kabisa, wewe lipa bei, mtungi nitaleta mimi. Miaka minane baadaye alikidai kipande kile mbele ya baraza. Mashahidi wote walisema walikunywa pombe yake. Hawakusema uongo, na hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko kukipoteza.

Basi kaka aliposema ada niachie mimi, nilimsikia baba mdogo. Nikamwambia mbele ya mke wake na mama kwamba sihitaji shilingi yake hata moja, na kwamba kama anataka kusaidia aje tu kuwa shahidi. Sikuyapamba maneno. Kaka alitazama chini, akasema sawa. Mama alichukua kikapu chake akatoka nje.

Nilirudi Masaka, nikauza cherehani yangu. Ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Aliyeinunua ni Mganda mmoja niliyemfundisha kushona mimi mwenyewe, naye aliijaribu mbele yangu kwa kushona pindo lililopinda. Fedha zilipotimia nilivuka tena Mto Kagera kurudi Bukoba.

Siku ya kutia sahihi, kaka alikuja kutoka Muleba amevaa koti lake la Jumapili. Fundi viatu alikuwepo. Wakili alitoka chumba chake, akatusomea hati haraka haraka, tukatia sahihi, yeye akagonga mhuri akarudi ndani. Nilimhesabia karani ada moja moja, nikiiweka kila moja mbali na nyingine, ili kaka na fundi viatu waone kwa macho yao kwamba kila senti imetoka mkononi mwangu. Karani akauliza risiti aandike jina la nani. Nilishtuka, nikasema jina langu, nikalirudia.

Akacheka kidogo. Akasema risiti si kitu, ni ya kuonyesha kwamba ofisi imelipwa tu. Ada angeweza kulipa kaka yangu, au mvuvi yeyote wa Kemondo aliyenionea huruma, na nyumba isingekuwa yake hata tofali moja. Mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa ndani ya hati.

Niliwaza cherehani. Kisha nikamtazama kaka, na uso wake haukuonyesha kushangaa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Uliponikatalia, nilikuja kumuuliza karani huyu kabla sijakurudia na neno lingine," alisema. "Nilitaka nijue kama nikilipa nitakuwa nimekunyang'anya. Akaniambia hapana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Niliona aibu iliyonikaa mwaka mzima, mwaka ambao nilishona kwa mkono, vidole vikitoboka. Hata hivyo sitasema nilikosea kabisa. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na nyoka wetu alikuwa wa ukoo.

Hati ilirudi kutoka kwenye daftari la Masaka baada ya miezi kadhaa, jina langu limeandikwa kwa mkono mzuri. Nikamwita mama aje kuishi nami. Kaka ndiye aliyemleta, akampandisha na kumshusha basi, akalala siku mbili akarudi kwenye kahawa yake.

Asubuhi kaka alipoondoka, mama alizunguka vyumba vyote vitatu akigusa kuta. Alikuja kuketi sebuleni, akaniomba nimsomee hati. Nikamsomea, nikimfafanulia kwa Kihaya.

"Kwa hiyo humu hakuna awezaye kunitoa?"

"Hakuna, mama. Kaka hawezi, baba mdogo hawezi, hata Mwingereza lazima kwanza aje na sababu."

"Na wewe?"

Nilicheka, nikamwambia mimi siwezi kumtoa mama yangu. Yeye hakucheka. Alinitazama kama alivyowatazama mashahidi siku ile barazani.

"Hilo limeandikwa wapi?"

Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda Bukoba. Nilimwambia yule karani nataka karatasi isemayo kwamba mama yangu atakaa katika nyumba ile hadi kufa kwake, nikiwepo au nisipokuwepo, nikiolewa au nisipoolewa. Alifuta miwani, akanitajia ada ya kwake na ada ya Masaka. Nililipa zote mbili bila kuuliza ni za nini.