Suti Niliyoivaa Kwenda Kuomba Shamba

Haya sijamsimulia hata ndugu yangu, na nawaambia ninyi kwa sababu najua hatutakutana kanisani Jumapili mkaanza kunitazama viatu. Nina miaka hamsini na mbili, nina shahada mbili, na kwa miaka mingi nilifundisha vijana kwamba maana ya kitu hutegemea anayekitazama (naam, nililipwa kwa hilo), lakini siku nilipolihitaji somo hilo mwenyewe, sikulikumbuka.

Mkataba wangu wa kufundisha ulipoisha niliamua kupanda nyasi za kuwauzia wafugaji wakati wa kiangazi. Mbegu nilishanunua, magunia yamejaa sebuleni kwetu Kitengela, ila shamba la kukodi sina. Nikaambiwa kuna Mama Nasieku, mjane mwenye ekari nyingi Mashuuru, ambaye angefika kwenye kikao cha wafanyabiashara mjini Kajiado, vile vikao vya kunywa chai, kujitambulisha na kupeana namba za simu. Mvua ilikuwa karibu na wenye mashamba wengine wote walishanikatalia. Yeye ndiye aliyebaki.

Asubuhi mke wangu akanitolea shati la kijani. "Vaa hili, Baba Wanja. Unaenda kuomba, huendi kuapishwa."

Shati! Nikaona wenye mali watanidharau, nikavaa suti ya buluu inayong'aa, na kwa kuwa suti ile haikubali viatu vya kila siku nikatafuta vile vilivyochongoka mbele, na kwa kuwa viatu vile vinataka mkono ushike kitu nikabeba faili la ngozi, na kwa kuwa faili tupu ni aibu nikatia ndani nakala za vyeti vyangu na ramani ya Mashuuru niliyoichapisha mtaani, shamba la yule mama nimelizungushia kalamu nyekundu kama nilivyoelekezwa (aone nimejiandaa). Jua likanivalisha miwani myeusi. Pale stejini, nikingoja matatu, mwanamume mmoja nisiyemjua akanipa mkono: "Mkubwa, wewe uko na ploti upande gani?" Nikacheka, nikafurahi hata. Sura ya mtu wa maana ilikuwa imekubali.

Ukumbini watu walikuwa na sweta, makoti ya zamani, shuka mabegani. Nilipoketi, mzee wa kando yangu akahamisha kikombe chake meza nyingine. Nikamwendea Mama Nasieku nikamsalimia kwa Kimaasai changu cha kuokoteza, "Takwenya." Akaitikia kwa Kimaasai, "Iko," huku macho yake yakiwa kwenye viatu vyangu.

Zamu yangu ya kujitambulisha ilipofika nikasimama, nikafungua faili, nikaikunjua ramani mbele ya watu wote.

"Hiyo umechora na nyekundu ni shamba ya nani?" Mama Nasieku akauliza.

"Ni lako, Mama. Nilitaka tu..."

"Nani alikuonyesha mpaka yangu?"

"Broka wa mashamba!" mtu akapaza sauti nyuma. "Shikeni hiyo faili! Mlango ufungwe!" Wachache wakacheka, kisha wakanyamaza, maana mama alikuwa amesimama.

"Bwana yangu aliletewa karatasi kama hiyo," akasema. "Mtu alikuwa na suti kama hiyo, na viatu kama hiyo. Akamwambia ni kukodisha, mwisho mzee akaweka kidole. Kumbe ameuza. Saa hii kaburi yake iko ndani ya waya ya mtu mwingine. Nikitaka kung'oa majani hapo, naomba ruhusa kwa askari wa geti."

Mwenyekiti wa kikao alilipekua faili langu mbele ya ukumbi mzima, karatasi moja baada ya nyingine, akapata nakala za vyeti vyangu tu. "Ni mwalimu," akatangaza. Kisha akaninong'oneza, "Mwalimu, afadhali uende tu." Nikaenda, na njia yote hadi mlangoni viatu vile vikawa vinalia ko, ko, ko.

Siku tatu baadaye nilifika kwake Mashuuru nikiwa na sweta iliyotoboka kiwikoni na gambuti, mikono mitupu. Akaja hadi getini, hakufungua.

"Leo umevaa ya maskini."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Na kama utaniruhusu, nikueleze habari ya nyasi."

Akanitazama, safari hii usoni. "Yule mwingine pia alirudi na sweta," akasema. "Mara ya kwanza mzee alimkataa. Ni hiyo ya sweta aliamini."

Ningemwambia nini? Kwamba sweta yangu ni ya kweli? Nilikuwa nimeichagua mbele ya kioo, kama suti.

Mvua ilianza wiki hiyohiyo, nami sina hata robo ekari. Nimeapa kwamba kabla sijafungua kabati kwa ajili ya kikao chochote, nitauliza kwanza ni nani aliyefika pale kabla yangu na aliwafanyia nini wenyeji. Nimeuliza mara mbili hadi sasa. Kwa majibu niliyopata, mara zote mbili nimebaki nyumbani.