Paa la Kuku Wangu

Kwetu Masisi kulikuwa na mwiko mmoja ambao mpaka leo nikiufikiria moyo unaniwaka: mwanamke haezeki paa. Akiezeka, mume wake atakufa kazini. Na wangu alikuwa mbali, migodini Walikale, anachimba mawe ya Wazungu, kwa hiyo mwiko ule ulinibana mimi kuliko wanawake wengine wote wa kijiji chetu cha Kingi.

Nilikuwa na kuku. Kila kitu kingine pale kilikuwa cha ukoo wa mume: shamba, migomba, hata jembe. Kuku walikuwa wangu kwa sababu wa kwanza nilikuja naye kutoka kwa mama yangu, nimembeba kwapani. Kuwala sikuwala, huo nao ulikuwa mwiko, kuku ni nyama ya wanaume na wageni. Nilichotaka mimi ni mbuzi. Mama mmoja jirani alikubali kunipa mbuzi jike mwenye mimba, nami nimpe kundi langu zima, kazi ya kupanda maharagwe ikiisha. Kuku, shemeji yeyote akipita anachinja. Mbuzi hachinjwi mpaka watu wakae, waongee. Mbuzi angekuwa mali.

Basi mawingu yalipoanza kulala juu ya milima, nikashika kazi ya banda lao. Nilichimba mfereji upande wa juu, maji ya mlimani yasipite ndani. Nikainua sakafu kwa mianzi ya kupasuliwa, kuku wasilale kwenye matope. Mlango nikaugeuza uelekee nyumba, maana upepo wa mvua ulitoka upande wa pili. Nikamwaga majivu kwa ajili ya chawa. Nikakata majani ya kuezekea, nikayakausha, nikayafunga mafungu, nikachana kamba za migomba. Lililobaki ni paa tu.

Mdogo wa mume wangu alikuja asubuhi moja. Akang'oa paa la zamani lote, akalitupa kando. Halafu akasikia kwa jirani wamekamua kasiksi, pombe ya ndizi, akaifuata.

«Nitakuya kesho, shemeji,» aliniambia. «Majani iko pale, haitakimbia.»

Kesho yake hakuja. Siku iliyofuata kichwa kilimuuma. Ikafika Jumapili, na yeye ambaye kanisani hawamjui hata sura, siku hiyo akakumbuka kwamba Mukristo hafanyi kazi. Banda lenyewe lilinifika kifuani. Ningeliezeka nimesimama chini, nikamaliza kabla chungu cha maharagwe hakijaiva. Nikachukua fungu la kwanza, nikaliweka juu. Mama mkwe akatoka jikoni.

«Unataka kuua mutoto wangu kule Walikale?»

«Mama, hii njo kibanda ya kuku tu. Sikupanda hata juu ya jiwe.»

«Paa ni paa. Shusha ile majani.»

Nikashusha.

Jumatatu niliwafunga kuku kamba miguuni humo humo bandani, wasiende kufukua mbegu za maharagwe, nikaenda shambani bondeni. Mvua ilinikuta huko huko, mvua ya mawe, ile inayochana majani ya migomba. Nilikimbia mlima wote nikianguka na kuinuka. Nilikuta mfereji unapeleka maji vizuri na sakafu haijaguswa na matope. Kuku wangu walikuwa wamelala juu ya mianzi, wamelowa, wameuawa na mawe ya mvua, mmoja mmoja tu bado akikata roho. Mama mkwe alikuwa mlangoni pake, amekauka. Nilimchukia, na sikumficha.

Jioni shemeji alikuja na rafiki zake, nyama isiharibike. Nikapika mimi. Nikawapelekea mimi. Akaonja, akaomba chumvi.

Kesho yake, tumbo likiwa limeshiba, akaja na kisu chake kuezeka. Aliezeka vizuri sana, safu juu ya safu, kingo amezikata sawa. Msimu ule wote halikuingia tone, na ndani hamkuwa na hata unyoya. Mbuzi alienda kwa mwanamke mwingine, akamzalia mapacha.

Mume wangu alirudi kutoka Walikale mzima, amenenepa. Akazunguka banda, akalisifu paa, akasema mdogo wake ana mikono mizuri. Akainama, akachungulia ndani.

«Sasa kuku iko wapi?»

«Uliza mudogo wako na mama yako,» nilimjibu. «Ilikufa ili weye uishi.»

Akacheka, akidhani namtania.